Anayetafutwa na Bi Martina

Kwaa! Mlio mmoja tu wa komeo usiku, na Kondo akajua mama yake ameshatoka. Alimkuta njia ya mlimani, peku, kanga imelowa umande, akamrudisha. Kulipokucha akaja kijiweni Mji Mpya na macho mekundu, akakaa kwenye benchi la mbao za makasha ya kiwanda kilichouzwa. Salehe, muuza kahawa, alimimina kikombe bila kuulizwa. Mwinjuma, fundi aliyepunguzwa kazi kiwandani humo, waliyemwita Injini, alikuwa amepakata nyundo na komeo jipya la chuma. Athanas, waliyemwita Waziri kwa kuwa hakuna asilolijua, ndiye aliyeanza.

— Katoka tena?

— Katoka. Sasa yuko ndani, anakunywa uji.

— Si ulikwenda zahanati, semina ya wanaouguza wazee wanaosahau?

— Nilikwenda. Nesi Paskalia anasema tusikimbilie dawa. Shika tatizo moja, litaje lilivyo. Tafuta njia nyingi, jaribu moja, uone inakuwaje.

— Njia nyingi ndio sisi, alisema Injini. Tatizo ni mlango. Mjomba wako kashaagiza, leo mama afungiwe kwa nje. Kinga ni bora kuliko tiba.

— Afungiwe kama mbuzi? aliuliza Salehe.

— Mbuzi asubuhi hufunguliwa, alijibu Injini.

Kondo alilitazama lile komeo. Kwa Waluguru mjomba akishasema, baba mwenyewe hunyamaza.

— Mnakosea, alisema Waziri. Tatizo ni hili soko huria. Zamani mtu anapanga foleni ya sukari, kichwa kina kazi. Siku hizi maduka yamejaa, kichwa kikalala.

— Mama hakusahau sukari, Waziri.

— Basi upepo wa mlimani umemwingia sikioni. Mzibe kwa nta. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Kondo alitabasamu, tabasamu likaishia kikombeni.

Ndipo akatokea Stella, mke wa jirani, aliyehamia mtaani wiki hiyo. Alikuwa amemshika mkono Bi Martina, mama yake Kondo.

— Shikamooni. Nimemkuta anapanda njia ya mlimani.

— Marahaba, binti.

— Anasema anamtafuta mwanawe. Anaitwa nani, nimsaidie kumwita?

Injini alimtazama Waziri. Waziri akaitazama birika. Salehe akafuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Wote walimjua. Ruhusa ya kuchimba mawe ilipotoka, kaka yake Kondo alikwenda Matombo kutafuta rubi, shimo likamfukia. Baada ya arobaini mjomba alikataza jina lake lisitajwe nyumbani, wasije wakamtonesha mama kidonda. Tangu hapo, kila mama alipomuulizia, Kondo alijibu: Nani huyo, mama? Hatumjui. Mama alimtazama kwa huruma, akasubiri nyumba ilale, akashika njia ya mlimani kwenda kuwauliza wanaomjua.

— Jamani, alisema Stella taratibu. Hana jina?

Injini aliinuka na nyundo yake.

— Kondo, twende tukafunge, jua linapanda.

— Liweke chini hilo komeo, kaka.

Kondo alipiga magoti vumbini, akaifuta miguu ya mama yake kwa kiganja. Midomo ilimwia mizito, kama ya mtu anayejifunza kusema.

— Bonifasi, mama. Unamtafuta Bonifasi.