Maranda ya Kobe

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha taa, fundi cherehani alisikia kwaru-kwaru: kobe wa bintiye akichakura maranda yake ya mbao sandukuni. Leo kimya. Sasa yeye na binti wamo basini, sanduku mapajani.

“Mama, mbona huyo kobe ananukia kama choo cha ofisi?” aliuliza mfagizi aliyeketi kiti cha pili, ambaye hakuna aliyemwita.

“Mwenye nyumba alilalamikia harufu. Nikamwagia maranda dawa ya kudekia. Usafi nao kosa, dada?”

“Umemlaza kwenye sumu, mwenzangu! Ungetoa yaliyolowa tu, ukaongeza makavu.”

“Nilitaka kobe asifukuzwe,” fundi alisema.

Basi likasimama kwa daktari wa mifugo. Binti akainua kifuniko, akachungulia.

“Mama, kobe hatoi kichwa.”