Benedicta Hakuwa na Mimba

Mlimwona. Msiniambie hamkumwona. Wasikilizaji wapendwa wa Kibimba, mlimwona Benedicta Nahimana akimega udongo wa ukuta na kuutafuna. Mkacheka, mkapita. Wote tulipita.

Benedicta tumemzika Jumamosi. Mke wa Pancras. Alikuwa akilima maharage huku anaimba, na sauti inafika ng'ambo ya bonde.

Mwaka huu sauti ilikatika. Akipandisha mlima na ndoo anakaa njiani, anahema, moyo unamdunda. Kizunguzungu. Viganja vyeupe. Na mvua ikishalowesha ukuta, ile harufu ikitoka, hajizuii.

Huku kwetu mwanamke akila udongo, jibu tunalo tayari: ana mimba. Kezia, wifi yake, alimtania mbele za watu.

"Wifi, tuachie ukuta! Huyo mtoto atazaliwa tofali?"

"Sina mimba, wifi. Hedhi ndiyo haikomi."

"Ficha tu. Tumbo litasema lenyewe."

Mama mkwe akaanza kumwekea maziwa. Pancras akapongezwa kilabuni, akanywesha watu pombe ya ndizi.

Narudia. Benedicta hakuwa na mimba. Alikuwa akiishiwa damu. Uchovu, kuhema, moyo kwenda mbio, weupe wa viganja na ndani ya kope, hamu ya udongo: hizo ni dalili za upungufu wa damu. Zinampata mjamzito na asiye mjamzito. Tone moja la kidoleni linatosha kupima.

Alianguka shambani. Hospitalini muuguzi alimfunua kope, akauliza, "Mlikuwa mnamtazama tu?" Ndugu walikuwa bado wanajitolea damu alipokata roho.

Kezia ameniambia akilia: "Mawe, mama yangu! Alinieleza kwa kinywa chake. Mimi nikamcheka."

Kezia, si wewe peke yako. Namkumbuka Clotilda wa Rulenge, naye alikula udongo hivihivi. Tukasema karogwa. Tukazika, tukarudi kwenye ndizi zetu. Mmesahau. Mimi sijasahau.

Pancras, mama mkwe, watoto: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na sisi majirani atusamehe, maana hatukukosa macho.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ulipo yupo anayetafuna udongo. Unamjua. Usimtanie, usimpongeze. Muulize, na akijibu mwamini. Mpeleke kituo cha afya, apimwe wingi wa damu. Usingoje hata kipindi hiki kiishe. Zima redio, inuka, mwende.