Bomba Alilolikataa Vitundu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumlilie mtu wetu. Vitundu hatunaye. Alikuwa mkaguzi wa mabomba ya mvuke kwenye mtambo wa umeme. Amezikwa jana.

Kazi yake ilikuwa kukadiria chuma kimebakiza miaka mingapi. Ndiyo, chuma. Kikikaa miaka kwenye moto na presha, chuma huvutika kidogokidogo, na hakirudi. Vitundu alisugua bomba mpaka ling'ae, akabandika plastiki laini inase alama za chuma, akaibandua, akaitazama kwa hadubini. Alitafuta vitundu vidogo kuliko vumbi. Vikishaanza kushikana, bomba limekwisha, laweza kupasuka wakati wowote. Ndipo wenzake wakambandika jina hilo. Mkewe naye alimtania: na mimi je, nimebakiza mingapi? Akamjibu, wewe hupitishi mvuke, utatuzika wote. Na kweli, jana kamzika.

Mwaka jana alikagua bomba kuu. Penye kiungo cha kuchomelea, vitundu vilikuwa vimeshikana. Akasema mtambo uzimwe, bomba libadilishwe. Wakubwa wakauliza, mbona halivuji? Wakaleta mkaguzi mwingine. Huyo akapima sehemu iliyonyooka, mbali na kiungo, akasema bomba limebakiza miaka kumi. Vitundu akastaafishwa. Jamani, sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa sikieni lililomuua. Mdogo wake wa kike ni opareta wa pampu. Zamu nzima yuko chini ya bomba hilohilo, na Vitundu mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Akambembeleza aache. Mjane alikuwepo, anakumbuka dada huyo alivyojibu kwa upole.

"Kaka, nikiondoka ataletwa mwingine, na yeye ana kaka yake."

Vitundu hakumbembeleza tena. Usingizi ukamkimbia. Chakula kikamshinda. Kila kishindo barabarani kilimtoa kitini. Daktari anasema ni moyo. Mjane anasema ni bomba. Mimi namwamini mjane.

Kwako mama, na kwa watoto, poleni sana. Sina la kuwafariji, na sitajifanya ninalo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini: bomba lile halijabadilishwa, na umeme unaoleta sauti hii masikioni mwenu unatoka hapo. Pole hizi zingemfikia na mdogo wa marehemu, ila hawezi kutusikia. Alipewa ruhusa ya siku moja kumzika kaka yake. Saa hii yuko zamu, chini ya bomba.