Ijumaa ya Makosa

Benchi letu lipo ng'ambo ya barabara, linatazamana na lango la kiwanda cha uchapaji, na mtu akikaa hapo saa ya mapumziko ya mchana anazipata habari za humo ndani kabla hazijamfikia bosi mwenyewe. Mimi nilikuwa msahihishaji humo kwa miaka ishirini na sita, nikastaafu, na sasa nawaandikia watu barua. Wananiita Kalamu. Kahawa anamimina Mama Birika, ambaye hapendi makelele na ameyachagua kuwa jirani. Spana ni fundi wa baiskeli. Karakana yake ni kisanduku cha vyuma chini ya benchi na mdomo wake juu ya benchi. Semina ni mtunza stoo wa kiwanda, jina alilipata kwa kutokosa semina hata moja tangu aajiriwe. Na Kisu ndiye mwendesha mashine ya kukatia karatasi, miaka kumi na tisa, na vidole vyote kumi bado anavyo. Siku hiyo Kisu alikuja na bahasha, akakaa bila kusalimia mtu.

Lazima nieleze kwanza ugonjwa wetu. Meneja wa kiwanda, mtu wa miaka hamsini na mbili, amerudi shule. Anasoma chuo cha biashara kila Jumamosi. Sina ugomvi na mtu mzima kurudi darasani, elimu haina mwisho. Ugomvi wangu ni kwamba anasoma yeye Jumamosi, na mtihani wanafanya wenzake Jumatatu. Alipofundishwa kwamba kiongozi mwema mlango wake uko wazi, aliung'oa mlango wa ofisi na bawaba zake, na tangu hapo akitaka kuzungumza na mkewe kwenye simu anakwenda kujificha stoo. Alipofundishwa kuongoza kwa kutembea kati ya watu, alitembea mpaka tai yake ikaingia kwenye rola ya mashine namba mbili. Watu walipiga mbio kuizima mashine. Nasema haya nikiwa nimeshastaafu, na bado yananipandisha presha.

KISU: Kalamu, nisomee hii. Kwa sauti. Labda mimi nimesoma vibaya.

Nikavaa miwani, nikasoma. Barua ilisema mfanyakazi huyu aeleze kwa maandishi, kabla ya saa nane mchana wa leo, kwa nini asichukuliwe hatua, ikiwa ni pamoja na kuachishwa kazi, kwa kuharibu kalenda mia nne na kuuficha uharibifu huo kwa miaka miwili.

MAMA BIRIKA: Saa nane ya leo hii?

KISU: Leo hii.

MAMA BIRIKA: Na sasa ni saa saba na robo! Kunywa kwanza.

SPANA: Kalenda gani tena hizo?

KISU: Zile ndefu nyembamba. Tarehe zimepangwa kushuka chini, moja iko juu kabisa, thelathini na moja iko chini kabisa. Nilipima vibaya, nikakata ukingo wa chini na mstari mmoja zaidi.

SPANA: Kwa hiyo tarehe thelathini na moja...

KISU: Ilienda na taka.

MIMI: Mia nne zote?

KISU: Zote. Na wewe ulikuwa umeshastaafu, usinitazame hivyo.

SPANA: Na wenye kalenda walisema nini?

KISU: Hakuna aliyesema kitu. Mwaka mzima! Walifika tarehe thelathini, wakafunua mwezi mpya, wakaendelea na maisha yao.

Spana alicheka mpaka akashuka benchini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba humo ndani sasa hakuna mtu anayesoma tena kitu kabla hakijatoka, na moyo uliniuma.

MIMI: Kama hakuna aliyejua, Meneja amejuaje?

KISU: Nimemwambia mimi.

MIMI: Wewe?

KISU: Mimi, kwa kinywa changu, Ijumaa. Mbele ya watu wote.

SEMINA: Ngoja niwaeleze, maana jambo lenyewe lina msingi wake wa kitaalamu.

MAMA BIRIKA: Haya, tumekwisha.

SEMINA: Linaitwa utamaduni wa uwazi kazini. Watu wakificha makosa, kampuni haijifunzi. Kwa hiyo Meneja alianzisha Ijumaa ya Makosa. Kila mtu anasema kosa lake, hakuna kuhukumiana, halafu wote wanapiga makofi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

KISU: Mimi nimeufunua, nimezaa barua.

SEMINA: Hiyo ni hatua ya pili ya mchakato.

KISU: Ya pili ipi? Ijumaa Meneja alinipigia makofi yeye mwenyewe! Akaandika ubaoni, "Kisu: ujasiri." Leo Jumatatu asubuhi nakuta bahasha juu ya mashine.

SEMINA: Ijumaa alikuwa kiongozi. Jumatatu alikuwa mwajiri. Ni kofia mbili tofauti.

MAMA BIRIKA: Na kichwa je, ni kimoja?

Nilitoa karatasi, nikaiweka juu ya goti. Saa haitusubiri, nikawaambia, tuandike. Ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kila mtu kijiweni kwetu ni mwandishi mpaka kalamu itoke.

SEMINA: Andika hivi: "Kosa nililolitaja lilikuwa mfano wa kubuni, kwa nia ya kuchangamsha kikao." Basi, kesi imekwisha.

KISU: Yaani nidanganye kwamba nilidanganya?

SEMINA: Hakuna ushahidi! Kalenda zenyewe zimeshatupwa, mwaka wake umepita.

KISU: Watu thelathini na wawili wamenisikia.

SPANA: Achana na huyo. Mimi nimeshaligundua. Yule mtu anasoma, sivyo? Na mwanafunzi anapewa kazi za kufanya nyumbani. Kisu, wewe si mfanyakazi tena. Wewe ni zoezi la nyumbani la Meneja.

SEMINA: Upuuzi.

SPANA: Upuuzi? Jumamosi atasimama mbele ya mwalimu wake: "Nilikuwa na mkata karatasi, nikamtega kwa makofi, akanasa." Anapata alama tisini. Na akikufukuza kabisa, mia.

MAMA BIRIKA: We Spana!

SPANA: Na hiyo mia inatosha? Haitoshi! Wanafunzi wako wangapi? Arobaini. Kila mmoja ana kiwanda chake. Kila mmoja anafukuza mtu mmoja. Hao waliofukuzwa wanakwenda wapi? Wanakwenda kujiandikisha chuo hichohicho ili wajue kwa nini walifukuzwa! Chuo kinajaa. Hapo ndipo ilipo siri, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

MIMI: Methali hiyo ni ya kuweka akiba.

SPANA: Na wao wanaweka akiba ya watu.

Niliweka kalamu chini, nikaiokota tena. Kuna siku najiuliza kwa nini siketi nyumbani na wajukuu, ambao angalau wakisema jambo la ajabu wana umri wa kusamehewa.

SEMINA: Tukirudi kwenye hoja. Meneja alisema wazi kwamba sisi pale ni familia.

KISU: Familia gani inayoandikiana barua za kujieleza? Mke wangu ameunguza wali mara ngapi? Nimewahi kumwandikia?

MAMA BIRIKA: Thubutu uandike uone.

SEMINA: Kisu, punguza hasira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

KISU: Mimi nimelisikia la mkuu! Ndiyo maana nimevunjika guu! Waliokaa kimya wote leo wanatembea wazima!

Alisimama aliposema hivyo, na kahawa ikamwagika kwenye suruali yake, asijali. Halafu akakaa tena, sauti yake ikashuka.

KISU: Mnajua kwa nini niliongea? Meneja alisimama pale mbele na chaki. Akauliza, nani aanze? Kimya. Watu wanatazama viatu vyao. Dakika ya kwanza, ya pili. Chaki yake ikaanza kugongagonga ubao. Nikasema moyoni, mtu mzima huyu amejifunza kitu, amekipenda, amekuja nacho kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja wa kumpokea. Nikamwonea huruma. Nikanyoosha kidole.

Spana akaanza kusugua mnyororo wa baiskeli ambao ulikuwa safi tayari.

KISU: Sikuiogopa mashine ile miaka kumi na tisa. Leo asubuhi nimeweka karatasi ya kwanza, mkono haukutaka kushuka. Nimepima mara tano kitu cha kupima mara moja. Nikifukuzwa najua pa kuanzia, mikono ninayo. Lakini nikibaki na mkono huu wa uoga, siku moja nitakata kitu ambacho si karatasi.

MIMI: Basi tuombe radhi, Kisu. Kwa upole. "Kwa unyenyekevu mkubwa..."

KISU: Radhi nimeshaomba Ijumaa, tena bila kuulizwa.

SPANA: Mtishe! Andika kwamba unajua makosa mengine mia, na yote utayasema Ijumaa hii. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Atakupandisha cheo kwa hofu!

SEMINA: Au kiwanda kizima kiingie kwenye mafunzo. Mimi nitajitolea kuratibu.

MAMA BIRIKA: Saa nane kasoro dakika ishirini. Mmeandika nini?

Nikatazama karatasi. Nilikuwa nimeandika tarehe.

Hapo ndipo alipovuka barabara dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, ametokea langoni. Alikuja kuchukua kadi za kliniki, akaambiwa asubiri, mkata karatasi hayupo. Akatuamkia vizuri, shikamooni, Mama Birika akamsogezea kigoda na kikombe. Akasikiliza kidogo. Kwa kuwa Spana hawezi kumwona mgeni bila kumhutubia, alimsimulia yote: kalenda, Ijumaa, makofi, ubao, barua, pamoja na wale wanafunzi arobaini wenye viwanda arobaini. Yule dada akapuliza kahawa yake.

MUUGUZI: Na huyo Meneja, yeye siku hiyo alisema kosa gani?

SPANA: Nani?

MUUGUZI: Meneja. Si mmesema kila mtu alitakiwa aseme lake?

Spana akamtazama Semina. Semina akanitazama mimi, mtu ambaye sikuwepo.

SEMINA: Yeye alikuwa... yeye ndiye aliyekuwa anaongoza kikao.

MUUGUZI: Ndiyo. Sasa alisema lipi?

SEMINA: Kitaalamu, mwenye kuongoza...

Akaishia hapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kuona sentensi ya Semina ikikosa mwisho. Kisu alikuwa ameinamisha kichwa kama anayehesabu.

KISU: Hakusema.

MUUGUZI: Hata moja?

KISU: Alishika chaki tu.

MAMA BIRIKA: Na baada yako, nani alifuata kusema?

KISU: Hakuna. Mimi peke yangu. Makofi yalipokwisha tukaambiwa tutawanyike.

Yule dada hakuwa na nia ya kumshinda mtu, aliuliza kama anavyouliza kila siku mgonjwa alianza kuumwa lini. Akamaliza kahawa, akashukuru, akasema atarudi kesho kwa kadi zake.

KISU: Dada, zichukue leo. Nakuja kuzikata sasa hivi. Kalamu, nipe hiyo karatasi.

MIMI: Nimeandika tarehe tu.

KISU: Inatosha. Nipe na kalamu.

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya maboksi. Nilisoma juu ya bega lake, ni mazoea ya kazi. "Ndugu Meneja. Nilizikata vibaya kalenda mia nne na nikanyamaza. Ni kweli, na nilikwambia mwenyewe. Tulikubaliana kila mtu aseme lake. Nimebaki nakusubiri wewe." Hakuna nilichosahihisha. Akaikunja mara mbili, pembe juu ya pembe, na kwa mara ya kwanza mchana ule mkono wake ulitulia.

KISU: Semina, twende. Saa nane inagonga.

SEMINA: Ee, twende.

KISU: Wewe si ndiye uliyezifunga zile kalenda stoo, maboksi yote manane?

Semina akatazama kikombe chake. Kumbe! Maboksi manane yalipita mikononi mwake, na mtu huyu ametukalisha hapa karibu saa nzima akitufundisha uwazi.

SEMINA: Tangulia, ndugu yangu. Niko nyuma yako. Nimalizie kahawa tu.

Kisu akamtazama kidogo, bila hasira, akavuka barabara na yule dada na karatasi yake mkononi, wakaingia langoni. Semina alibaki amekaa. Akainua kikombe, kikavu, akakinyoosha kwa Mama Birika.

SEMINA: Niongeze kidogo, mama. Nusu tu.

Mama Birika aliliinua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito bado, akaliweka upande wa pili wa jiko.

MAMA BIRIKA: Kahawa imekwisha.