Nzi wa Colleen Wamefungiwa Ndani

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nyuma ya jengo la biolojia hapa Boston, karibu na gari la kahawa. Tuko wanne: Bado, anayesubiri uprofesa ambao kila mwaka haujafika bado, Friza, mtunza majokofu, Mama Sahani, anayeotesha seli kwenye visahani, na mimi. Asubuhi hiyo Colleen Brodeur, aliyechunguza jeni za nzi kwa miaka sita, alimwambia profesa wake kwamba anahamia kampuni ya dawa ng'ambo ya barabara. Profesa akamzimia kadi ya mlango papo hapo. Nzi wake wakabaki ndani, chakula kimekauka chupani. Wasipohamishiwa chupa mpya siku hiyo, ukoo mzima ungekufa.

— Msaliti! Bado alifoka. Mwacha asili ni mtumwa.

— Mtumwa mwenye bima ya meno, Mama Sahani akamjibu. Jino lako lile umeshaling'oa?

— Usiniingilie kinywani, dada. Mimi nasubiri kiti changu. Haraka haraka haina baraka.

— Miaka tisa! Hata kobe angeshafika akastaafu.

Friza akacheka kwa hasira.

— Hamjui kitu nyie. Profesa ndiye kamuuza. Ile mashine mpya aliyoletewa na kampuni juzi, mnadhani ni nini? Mahari ile!

— Mahari gani, na binti kafungiwa mlango? Mama Sahani akauliza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo inahusu nini hapa, we bwana?

— Si profesa ameinama?

— Hapana, Bado akadakia. Kule hawamtaki yeye, wanawataka nzi. Hawa wakifa, wenzetu wa kampuni watatokea na wa kwao, waseme wamewaumba wao.

— Tena wana mbwa wa kunusa nzi, Friza akaongeza.

Mama Sahani akakita kikombe chake benchini, kahawa ikaruka.

— Acheni upuuzi! Friza, mkeo alipokuwa leba, nani alikesha na majokofu yako? Colleen! Leo anafungiwa nje mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wenu aliyemfokea yule mzee.

— Ungemfokea wewe, Friza akajibu.

— Mimi? Barua yangu ya kuombea kazi ataiandika nani?

Hapo tukamwona Annika, mwanafunzi mpya kutoka Minnesota, amesimama na kikombe chake akitusikiliza.

— Shikamooni. Kuwahamisha hao nzi ni kazi ngumu?

— Wala, mwanangu, Mama Sahani akasema. Unagonga chupa, unawamimina kwenye nyingine, unaziba. Hata wewe ungeweza.

— Na ninyi mnaruhusiwa kuingia?

— Saa yoyote, Bado akajibu kwa majivuno.

— Basi mbona mmekaa hapa?

Bado akamtazama Friza. Friza akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe changu.