Malipo Yanaanzia Getini

Kwenye Hiace iliyotoka Kagongwa asubuhi, abiria mmoja tu alikuwa amefunga mkanda, kijana mwenye sare ya mgodini. Mama aliyempakata kuku wake alimkodolea macho. "Shikamoo mama," kijana akasema. "Ni sheria ya kampuni. Ukishavaa sare, safari nzima unafunga mkanda."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo safari nzima wanakulipa?"

"Hapana. Malipo yanaanzia getini."

"Na wakikukuta hujafunga?"

"Nafukuzwa kazi."

"Kazi ipi, nawe hujafika?"

Nami, kwenye kiti cha nyuma yao, nilianza kulifikiria swali hilo, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kijana akajitetea: "Kwani wewe nani anakulipa kwenda gulioni?"

"Hakuna. Na hakuna anayenipangia namna ya kukaa."

Gari likasimama getini. Kijana akavuta mkanda, ukagoma kufunguka.