Kijiji Kiitwacho Rudisha Ngazi

Kwenye benchi la kahawa walikuwepo Muuza Kahawa na birika lake. Mzee Stempu, karani mstaafu wa posta. Shoka, muuza mkaa. Na Fundi Cherehani, aliyekaa ncha ya benchi kama mtu anayengoja hukumu. Kibao kipya cha barabarani kilikuwa kinaandikwa siku hiyo, naye alitaka kijiji kipewe jina jingine, lolote lile. Kijiji kiliitwa Rudisha Ngazi, na hata watoto walijua nani aliambiwa airudishe: babu yake Fundi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesema wazee wa benchi wakiafikiana kubadili, yeye hana neno.

Shoka alieleza kwamba babu huyo aliazima ngazi aezeke nyumba, akanogewa nayo. Mzee Stempu akamsahihisha: hakuazima, aliichukua watu wamelala, akaikata, akaunda kitanda. Muuza Kahawa alimimina kwanza, kisha akaongeza kuwa baba yake Fundi alizaliwa juu ya kitanda hicho hicho.

— Ndiyo maana ukoo wenu mna miguu mirefu, alisema Shoka.

— Shemeji, nimekuja kuomba, sikuja kupimwa miguu. Binti yangu anaposwa Ijumaa. Wakwe watapita mbele ya kibao hicho.

— Vizuri, alisema Mzee Stempu. Wajue wanaingia kwa nani.

Wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa adabu tu.

Mchora vibao, mgeni wa siku hiyo, alikuwa amesimama kando na brashi yake, akingoja aambiwe aandike nini.

— Samahanini, wazee wangu. Hiyo ngazi ilikuwa ya nani?

Shoka alichungulia ndani ya kikombe chake. Miaka yote hiyo mwizi alikuwa na jina, ukoo na kitanda. Mwenye mali hakuna aliyewahi kumtaja. Fundi akainuka kwenye ncha ya benchi.

— Kama haina mwenyewe, alisema taratibu, basi nani aliibiwa?

Mzee Stempu alikubali kwa shingo upande kwamba aliyewakuta waanzilishi wakiwa hai amebaki mmoja tu, Bibi Mkunga. Akisema ngazi haikuwa na mwenyewe, jina lifutwe.

Fundi hakumaliza kahawa. Alishika njia ya kwa Bibi Mkunga, akiyapanga maswali yake kwa heshima. Penye kona alikutana na mkwe wa bibi huyo, amebeba majembe mawili. Akamsalimu, akamuuliza habari za nyumbani.

— Mama amefariki alfajiri, alisema yule mkwe.